Lori la Shangazi: Utepe Mweusi Wabanduka

Mimi sijawahi kushindwa na kitu chenye waya. Niliwaambia hivyo wiki jana, nikawaapia kabisa, nikaongeza kwamba ile taa ya njano kwenye dashibodi ya lori la shangazi mmeisikia kwa mara ya mwisho. Na kweli, tangu siku ile hakuna aliyeiona tena.

Hakuna aliyeiona kwa sababu niliifunika kwa utepe mweusi wa umeme.

Mtakumbuka tulipoachana. Tuko katikati ya mlima, lori tupu, shangazi kwenye usukani, mimi utingo wake kando, redio inaimba, na kitu ndani ya dashibodi kinalia pi, pi, pi. Shangazi akauliza kinacholia ni nini. Nikamjibu ni ndege. Akaitazama dashibodi, akauona utepe, akanyoosha mkono, na ukucha wake ukaingia kwenye ncha.

Ukabanduka taratibu, kama plasta kwenye kidonda.

Chini yake hapakuwa na taa moja. Zilikuwa tatu.

"Kumbe ndege wenyewe wanatembea na tochi," akasema shangazi.

"Ile ya katikati ni mpya, shangazi. Haki ya nani, hata mimi ndiyo kwanza naiona."

"Ungeionaje na wewe umeifunga kitambaa cha macho?"

Lori likajipunguzia nguvu lenyewe. Shangazi alikuwa amekanyaga mafuta mpaka mwisho, lakini lori lilipanda mlima kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Mtu mwenye baiskeli akatupita. Hakuwa ameipanda. Alikuwa anaisukuma.

"Pole, mama," akasema alipofika usawa wa dirisha.

"Asante, mwanangu. Tangulia tu."

Kwenye kioo kidogo katikati ya dashibodi kulikuwa na maandishi ya nchi lilikotoka lori, ambayo nyumbani kwetu hakuna anayeyasoma. Shangazi akayaelekezea kidevu.

"Hapo panasema nini?"

"Panatutakia safari njema."

"Juzi ulisema hivyo hivyo, na juzi ulikuwa mstari mmoja. Leo ni mitatu."

"Leo wametia mkazo."

Shangazi akacheka. Wanaomjua wanajua maana yake. Shangazi akikukasirikia akacheka, bado una nafasi. Akinyamaza, tafuta mlango.

Kwa wewe uliyenunua gazeti hili leo kwa ajili ya kufungia vyombo, macho yakakuangukia hapa, nikupe habari kwa ufupi. Shangazi ameendesha malori ya watu wengine mpaka mgongo ukaanza kumdai. Hili la dizeli, la mtumba, ndilo la kwanza ambalo ni lake mwenyewe. Leo alasiri linakaguliwa kwenye geti la kiwanda cha magodoro. Likipita, litabeba magodoro ya kiwanda mwaka mzima, shangazi atapumzisha mgongo, na mimi nitahama kiti cha utingo nikae kwenye usukani. Likiwaka taa hata moja, halipiti. Na lisipopita, leo hii hii linakwenda kwa Mzee Chakavu.

Mzee Chakavu hununua malori, ila haendeshi hata moja. Huyafungua. Mlango unakwenda huku, injini kule, viti anakalia yeye na wageni wake. Shangazi alimpa neno lake mbele yangu: "Nimechoka kuchekwa na taa. Ikiwaka getini, njoo na kamba yako uvute."

Ndiyo maana, wasomaji wangu, mlima ule ulikuwa mrefu.

*

Tuliingia kwenye uwanja wa fundi wa umeme tukiwa na mwendo wa msiba. Fundi mwenyewe ni mama mmoja aliyekaa dawati moja na shangazi shuleni, na watu wote wanamwita Mama Volti. Alikuwa amelala chini ya basi dogo, miguu tu nje.

"Hiyo sauti naijua," miguu ikasema. "Mmerudi. Nilikuwa nimeanza kuwakumbuka, tangu jana jioni."

"Tumekuletea salamu," akasema shangazi.

"Salamu za rangi gani?"

"Njano mbili na nyekundu moja."

Mama Volti akatoka chini ya basi, akajifuta mikono, akaleta mashine yake ya kusomea kompyuta ya gari. Akaichomeka chini ya usukani, akasoma, akatafuna ubani wake kwa kufikiri.

"Wiki iliyopita lilisema joto la moshi haliko sawa," akasema. "Tukaweka sensa mpya, kile kidude cha kupimia moshi. Jana likasema presha ya dizeli imeshuka. Tukabadilisha filta, nikapima bomba lote, presha nzima. Leo linasema gurudumu la nyuma halizunguki."

"Linazunguka," nikasema. "Limetuleta hapa."

"Nasikia limewaleta nyuma ya baiskeli."

Habari mbaya hazihitaji dizeli.

"Lina nini, shoga yangu?" akauliza shangazi. Sauti yake ilikuwa imepungua utani. "Niambie tu. Kama ni la kufa, nijue."

"Halina ugonjwa. Mgonjwa wa kweli anaumwa mahali pamoja. Huyu leo kichwa, kesho goti, keshokutwa jino. Na ukimsikiliza vizuri, kila sensa inalalamika jambo lile lile: umeme unanyong'onyea ghafla, halafu unarudi. Kompyuta ikiona hivyo inaogopa, inawasha taa, inapunguza nguvu ya injini. Sasa sikiliza. Umeme ukitoka kwenye betri lazima urudi kwenye betri, na njia ya kurudia ni waya wa ethi. Mahali fulani njia hiyo ina msongamano. Kuna kitu kinachonywa umeme mwingi kimefungwa pasipo pake."

Akainua macho.

"Nani amegusa waya za lori hili?"

Shangazi akatikisa kichwa kwa fahari. "Hapo usihangaike. Hakuna. Unaikumbuka ile pikapu ya bosi wangu iliyoteketea barabarani? Ilikuwa waya mmoja tu, mtu kaunga taa yake ya urembo. Niliiangalia ikiungua mpaka matairi. Siku niliyolinunua hili, nilimsimamisha huyu hapa, akaweka mkono kwenye boneti, akaapa: hakuna kuunga kitu. Siyo, Fizikia?"

Fizikia ni mimi. Niliipasi vizuri kidato cha nne, na huenda nimelitaja jambo hilo nyumbani zaidi ya ilivyohitajika.

"Ndiyo, shangazi," nikasema.

Hapa, wasomaji wangu wapenzi, kuna kajambo ambako wiki zilizopita kalikosa nafasi gazetini.

Lori hili lilipokuja, redio yake ilikuwa na sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Shangazi anapenda nyimbo za enzi za uchumba wake, na mimi napenda kusikia besi kifuani. Sasa siku moja shangazi hayupo, nikaweka amplifaya. Kitu kidogo tu, ukubwa wa mkate, chini ya kiti changu cha utingo. Waya mwekundu nikaupeleka kwenye betri. Waya mweusi nikaufunga kwenye bolti ya karibu, ambayo tayari ilikuwa na waya nyingine nyingi nyeusi. Nikaona ndipo weusi wanapokutana.

Shangazi aliporudi akawasha redio, akausikia wimbo wake, akafumba macho, akaipapasa dashibodi kama shavu la mjukuu. "Lori lina kasoro zake," akasema, "lakini redio hii, Mungu amjalie aliyeitengeneza."

Nikaitikia amina.

Mnaniangalia vibaya. Lakini niambieni, muziki na gurudumu la nyuma vina undugu gani? Na mimi ndivyo nilivyojiuliza, pale pale uwanjani.

*

"Shikamoo, mzee," nikamsikia shangazi akisema, kwa ile sauti ya kumkaribisha mgonjwa wa kuambukiza.

Mzee Chakavu alikuwa amefika, shati safi, futi ya chuma mkononi. Alikuwa anapima mlango wetu.

"Marahaba, mama. Msinijali. Nina mteja wa mlango tu."

"Mlango huo bado una lori, mzee."

"Najua. Napima kwa ajili ya baadaye." Akachungulia ndani, akaziona taa. "Mashallah. Mmelipamba kama ukumbi wa harusi."

Kisha akaniona mimi, na uso ukamchangamka.

"Ah, kijana! Vipi, kile kitu changu kinapiga..."

"Mzee, futi yako inaburutika kwenye mafuta," nikamkata, nikamshika kiwiko, nikampeleka mpaka upande wa pili wa lori kumwonyesha tairi ambalo halikuwa na tatizo lolote. Alilisifu. Ana adabu, yule mzee.

Mama Volti alikuwa amezifuta taa zote kwa mashine yake. Akapanda na shangazi, wakatoka kwenda kujaribu. Walirudi wakicheka habari za mtu aliyesoma nao. Dashibodi safi. Hakuna taa.

"Limepona?" nikauliza.

"Limenyamaza," akasema Mama Volti. "Nenda na wewe."

Nikapanda na shangazi, tukazunguka njia ile ile. Shangazi akawasha redio kujipa moyo. Wimbo wake ukaanza na magitaa, taratibu, sauti ya mwanamume anayelalamika kwa adabu. Ukafika kwenye kiitikio. Ngoma zikaingia.

Tu. Taa ya injini.

Tu. Taa ya gurudumu.

Tu, tu. Zote mbili.

Nikatazama tena, nikidhani ni macho. Ngoma ilipopiga, taa iliwaka. Ngoma ilipotulia, taa ilitulia. Kisha zikachoka kucheza, zikawaka moja kwa moja, na pi, pi, pi ikajiunga nazo kama kwaya. Shangazi alikuwa anaangalia barabara, hakuona zilivyoanza. Mimi niliona. Taa za lori letu zilikuwa zinacheza muziki, na aliyeziletea muziki ni mimi.

"Lilikuwa salama," shangazi akamwambia Mama Volti tuliporudi, akakaa kwenye ngazi ya lori. "Kapanda huyu, likawaka."

"Toa vitu mfukoni," Mama Volti akaniamuru.

Nikatoa chanuo, simu, peremende na kipande cha utepe mweusi. Aliushika ule utepe, akaubandika kwenye paji la uso wangu, akaendelea na uchunguzi.

Akazifuta taa, shangazi akazunguka tena, peke yake, redio kaizima ili asikilize injini. Dashibodi safi. Akarudi akinitazama kwa huzuni ya kweli.

"Mwanangu, sijui nikuambieje. Lori halikupendi."

"Ningepata siku nzima ningefuata waya mmoja mmoja," akasema Mama Volti. "Lakini leo hamna siku, geti linafungwa alasiri. Taa nimeshazifuta. Nenda nalo hivi hivi, na huyu mwache hapa."

Naam, mambo yakageuka hivyo. Dakika ile ningeweza kukaa kwenye kivuli nikatafuna peremende, lawama zote zikabebwa na nyota yangu mbaya. Shida ni kwamba namjua shangazi. Akipata wasiwasi njiani ataufungua wimbo wake. Wimbo utafika kwenye kiitikio. Na taa zitaingia uwanjani kucheza mbele ya mkaguzi.

Ningeweza pia kusema ukweli. Nilifungua mdomo kabisa. Shangazi akanitangulia.

"Usihuzunike, Fizikia. Likipita, usukani bado ni wako. Neno langu ni neno."

Nikaufunga mdomo.

"Lazima niende nawe, shangazi," nikasema.

"Kwa nini?"

"Kwa heshima."

"Heshima ya nani?"

"Mchukue, mama," akasema Mzee Chakavu, akikunja kamba yake ya kuvutia kwa upendo mwingi. "Mchukue kijana. Mtu asiachwe nyuma siku kama ya leo."

Shangazi alimtazama mzee, akanitazama mimi. Nadhani aliniona nilivyokunjamana, moyo ukamlainika.

"Panda. Ila usiguse kitu, na usiitazame dashibodi. Angalia nje kama mkungu wa ndizi."

*

Tuliondoka. Nikaangalia nje kama mkungu wa ndizi. Tukapita maduka ya mbao, tukapita mashine ya kusaga, na shangazi mikono yake ilikuwa imeukaza usukani mpaka vifundo vimebadilika rangi.

"Nikilikosa hili," akasema, kama anaongea na kioo, "nitarudi kuendesha la mtu. Nitaomba ruhusa ya kwenda kuzika. Umri huu."

Mkungu wa ndizi haujibu.

"Basi ngoja nijipoze," akasema, na mkono wake ukaenda kwenye redio.

Magitaa.

Mimi wimbo ule naujua kwa moyo. Kuna magitaa, kuna yule bwana anayelalamika, kuna kinanda kidogo, halafu kiitikio na ngoma. Nilikuwa na muda wa malalamiko na kinanda, basi.

Nikaidondosha kandambili.

"Nini hicho?"

"Kandambili, shangazi. Imeingia chini ya kiti."

"Nimesema usiguse kitu."

"Ni yangu mwenyewe."

Nikainama. Chini ya kiti kulikuwa na giza, joto, na amplifaya iliyokuwa inatetemeka kama kuku mwenye homa. Nikatafuta waya mweusi kwa vidole. Nikaushika. Bwana wa wimbo alikuwa amemaliza kulalamika. Nikavuta. Ukagoma, maana niliufunga mimi, na mimi nikifunga kitu nafunga. Kinanda kikaingia. Shangazi akaanza kuimba pamoja nacho, sauti nyembamba, ya msichana kabisa. Nikaweka mguu kwenye mlango, nikavuta kwa mikono miwili, nikasikia kitu kinakatika.

Redio ikakata kauli.

Shangazi alikuwa ameshaingia kwenye kiitikio. Akaimba neno moja peke yake, kisha la pili, halafu akanyamaza.

"Mbona imezima?"

"Labda fyuzi."

"Hata redio sasa," akasema polepole. Hakucheka.

Nilivaa kandambili yangu nikaangalia nje. Na niseme ukweli, kwa sekunde kadhaa sikujiona kijana hodari.

Getini kulikuwa na foleni. Tulipofikiwa, mkaguzi akamwashiria shangazi azime injini. Alikuwa mtu mwembamba aliyepigwa pasi kuanzia kola mpaka soksi, stika za kijani zimepangwa kwenye kibao chake. Anayepita hubandikiwa stika kwenye kioo cha mbele. Asiyepita huonyeshwa kidole kule alikotoka.

"Ufunguo, mama. Washa taratibu, nione."

Shangazi akazungusha ufunguo. Taa zote zikawaka kwa mpigo, nyekundu, njano, kijani, hata nyingine ambazo sijawahi kukutana nazo. Nikashika kitasa cha mlango.

"Tulia, kijana," akasema mkaguzi. "Hapo zote huitika jina. Tunaangalia nani anabaki darasani."

Injini ikanguruma. Taa moja ikazima. Ya pili. Ya tatu. Ile ya njano ya injini ikabaki peke yake, ikatukodolea jicho, ikatukodolea.

Ikazima.

Dashibodi ikawa safi kama sahani iliyooshwa. Mkaguzi akasubiri. Akamwambia shangazi akanyage mafuta, awashe taa kubwa, apige honi, akanyage breki. Safi. Akazunguka nyuma, akachungulia chini, akagonga tangi. Safi.

Shangazi akaushika mkono wangu akauminya.

"Ulilifanya nini?" akaninong'oneza. "Umepanda na halikuwaka."

Mnanifahamu. Mtu akiniuliza hivyo siwezi kujizuia.

"Nilitumia fizikia, shangazi. Nilikaa mkao wa kusawazisha umeme."

"Kweli wewe ni mwanangu," akasema, na macho yake yakalowa. Akauchomoa ufunguo, akashuka, mimi nikashuka, na mbele ya mkaguzi na foleni nzima akaninyooshea ufunguo. "Likiingia humo ndani, utaliendesha wewe."

"Swali la mwisho," akasema mkaguzi, akiibandua stika ya kijani kutoka kwenye karatasi yake. "Taa nimeridhika. Lakini sisi hapa tunahifadhi magodoro, na godoro likiona cheche halina subira. Kuna waya wowote ulioungwa ndani ya gari baada ya kulinunua? Chochote, hata cha redio."

"Hilo muulize huyu," akasema shangazi, kifua mbele. "Aliapa mkono ukiwa kwenye boneti. Neno lake ndilo langu."

Wote wakanigeukia.

"Hakuna," nikasema. "Lori lile lile, kama lilivyozaliwa."

Mkaguzi akaitikia kwa kichwa, akapanda kwenye bampa, akaiweka stika kwenye kona ya kioo, kidole gumba tayari kuipiga pasi. Ufunguo ulikuwa umegusa kiganja changu. Niliuhisi ulivyo wa moto kutoka mkononi mwa shangazi.

Ndipo gari la kuvuta likasimama nyuma yetu, na Mzee Chakavu akashuka na kamba yake begani. Akaiona stika. Akashusha pumzi ndefu, akaishusha na kamba.

"Hongera, mama. Kwa roho safi kabisa. Nimekosa mlango, nimekosa injini, siyo mbaya." Akanigeukia kwa tabasamu la mtu asiye na kinyongo na yeyote. "Basi, kijana, kama lori siuziwi, niuzie tena ile amplifaya niliyokuuzia. Nimepata mteja anaitaka leo."

"Amplifaya gani, mzee?" nikasema. "Utakuwa umenifananisha."

"Nikufananishe?" Mzee alishangaa kwa dhati. "Ile uliyoifunga chini ya kiti chako, siku shangazi yako hayupo. Mimi si ndiye niliyekushikia tochi?"

Kidole gumba cha mkaguzi kikaganda hewani. Stika ilikuwa imeshika kona moja tu. Upepo ukaipepea.

Mkono wa shangazi ukarudi nyuma, na ufunguo ukarudi nao.

Hakucheka. Akapita mbele yangu, akafungua mlango wa utingo, akapanda, akapiga magoti, na mkono wake ukaingia chini ya kiti mpaka begani. Ukapapasa. Ukatulia juu ya kitu chenye ukubwa wa mkate.

Akaniuliza bila kugeuka, kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Fizikia. Na huyu naye ni ndege?"